Kuhesabu vipanga Hawk Mountain: nimejibu maswali yenu

Tangu niseme hapa kwamba kila Septemba hunikuta juu ya mwamba wa Hawk Mountain, Pennsylvania, Marekani, nikihesabu vipanga wanaohama, maswali hayakatiki. Leo najibu manne.

Dada, kundi la ndege mia tano linazunguka angani, unahesabuje bila kurudia?

Wakizunguka hawahesabiki, utapata kizunguzungu na idadi ya uongo. Kipanga mabawa-mapana hutafuta hewa ya moto inayopanda kutoka bondeni, akaingia humo na kuzunguka bila kupiga bawa, mpaka anabaki kidoa tu. Wazoefu wa hapa huliita kundi hilo "birika", kwa jinsi linavyotokota. Wewe subiri. Huko juu mmoja atachomoka ateleze kusini, na wenzake watamfuata kama siafu. Hapo ndipo unabonyeza kimashine cha mkononi, mmoja mmoja, au kumi kumi wakizidi. Septemba 14, 1978 walipita 11,349 kwa siku moja. Vidole vya mhesabuji huyo navionea huruma.

Nije lini?

Mabawa-mapana ni katikati ya Septemba. Tai wa dhahabu ni Novemba, na usisahau blanketi. Vizia siku ya upepo wa kaskazini-magharibi.

Shikamoo. Hawa si ndio wezi wa vifaranga? Mnawalindia nini?

Marahaba. Hoja hiyo hiyo ndiyo iliyoleta bunduki mlimani hapa. Watu walipanda kuwaua vipanga kwa mamia, na kuanzia 1929 jimbo likalipa dola 5 kwa kila "goshawk", aina ya kipanga mkubwa wa msituni, aliyeuawa. Mwaka 1934 Rosalie Edge, mama mtetezi wa ndege, akaukodi mlima, akamweka Maurice Broun awe mlinzi. Broun ndiye aliyeanza kuhesabu. Takwimu za Broun alizitumia mwandishi wa mazingira Rachel Carson mwaka 1962 kuonyesha kwamba tai wachanga wanapungua, enzi za DDT, ile sumu ya kuua wadudu. Na mabawa-mapana chakula chake ni panya, vyura na wadudu. Kuku wako hana haja naye.

Wanafika kwetu?

Hawa hapana, wanapitia Veracruz, Mexico, kwenda Amerika ya Kusini. Wetu ni kozi wa Amur: mwepesi kuliko njiwa, lakini hutoka kaskazini mwa China, akapitia India na kuvuka Bahari ya Hindi. Mvua za vuli zikinyesha Tsavo, anafukuzia kumbikumbi. Aliyeko Voi achukue darubini na kidaftari, anitumie idadi yake.