Jibu: Kisu kugoma kwenye keki ya harusi

Habari mkuu, hongereni kwa harusi ya dada. Umeuliza mfanyeje kisu kisigome mbele ya wageni kama ilivyotokea kwenye sendofu.

Kwanza kabisa, muulize mpishi ni ngazi zipi za keki halisi. Nyingine huwa ni povu lile jeupe la kufungashia TV, limepakwa aisingi tu, na hapo hata mpige nderemo vipi kisu hakipiti. Hata ngazi halisi huwa na vijiti katikati vya kubeba ya juu, kwa hiyo maharusi wakate pembeni. Mwambie aweke ua dogo upande huo, na MC aonyeshwe mapema. Aisingi ngumu? Chovya kisu maji ya moto, kifute.

Keki za wakwe hukabidhiwa nzima, hizo msihangaike nazo.