Maswali ya Wasomaji: Kitoweo, Kapu na Fedha Ndogo

Katika barua za mwezi huu tumechagua tatu zinazoulizia jambo moja, nalo ni namna ya kula vizuri wakati fedha ya sokoni haitoshi. Ya kwanza tumeijibu kwa urefu kwa sababu ina mtoto mdogo ndani yake.

SWALI: Assalaamu alaykum. Mimi ni mama wa watoto watano, naishi Wete, Pemba. Mume wangu anafanya vibarua, akipata leo huenda kesho asipate. Mtoto wangu wa mwisho ana mwaka mmoja na miezi minane, bado ananyonya. Nilipompeleka kupimwa uzito niliambiwa yuko chini, nimpe maziwa, nyama, mayai na matunda. Sikujibu kitu, maana nyama sisi huila Sikukuu. Nimpe nini kwa hicho kidogo tunachopata? *Mama wa watano, Wete.*

JIBU: Waalaykumu salaam, dada yetu. Ulivyotajiwa ni vyakula vizuri, lakini mwili wa mtoto hauangalii bei, bali unatafuta protini, madini ya chuma, vitamini na mafuta kidogo, na vyote hivyo vinapatikana Pemba kwa njia nyingine. Anza na dagaa. Katika gramu 100 za dagaa wakavu mna protini inayozidi gramu 50, na kwa kuwa dagaa huliwa mzima pamoja na miba yake, mtoto hupata na chokaa ya mifupa (kalsiamu) ambayo hawezi kuipata katika mnofu wa samaki mkubwa. Tunasikitika kwamba katika nyumba nyingi dagaa bado ni kitoweo cha kuonewa haya mgeni anapobisha hodi.

Dagaa huvuliwa usiku kwa taa, kwa hiyo wakati wa giza la mwezi huwa wengi na bei hushuka, na mbalamwezi inapokuwa kali huadimika. Ukibahatika kuwa na fedha siku za giza, nunua wakavu wa kutosha kufika giza jingine. Uliza pia walivyokaushwa, kwa sababu wengi huchemshwa kwanza katika maji ya chumvi, na hao si wazuri kwa mtoto mdogo mpaka waroweshwe, waoshwe na kuanikwa tena. Baada ya hapo waondoe mchanga, wakaange kwenye chungu kikavu bila mafuta mpaka wavunjike kwa vidole, watwange, uchekeche, na unga wake uuweke katika kopo lenye kifuniko. Kijiko kimoja cha unga huo, na kijiko cha karanga zilizosagwa, vikitiwa katika uji mzito kila unapopikwa, huufanya uji huo kuwa chakula kamili zaidi kuliko uji mwepesi wenye sukari nyingi, ambao hujaza tumbo la mtoto kwa maji.

Tumbo lake ni dogo, kwa hiyo umri huu anahitaji kula mara tatu au nne kwa siku, na kitu kidogo katikati, kama kipande cha papai, ndizi mbivu au embe wakati wake. Endelea kumnyonyesha mpaka atimize miaka miwili na hata zaidi. Ikiwa una kuku, yai la kwanza liwe la huyu mtoto kabla hujafikiria kuliuza. Chai ya rangi usimpe kabisa, kwani huzuia madini ya chuma yasiingie mwilini. Ndimu iliyokamuliwa juu ya mchicha au kunde hufanya kinyume chake.

Kwa nyumba nzima, tungekuomba uitazame fedha inapokwendea. Mara nyingi haiishii kwenye mboga, bali kwenye sukari ya robo, mafuta ya kupima, boflo la asubuhi na mchele wa mara mbili kwa siku. Kinachonunuliwa kidogo kidogo dukani ndicho kinachokuwa ghali, kwa hiyo siku mume wako anapokuja na fedha nzuri zaidi, vikavu vitangulie: maharage, kunde, chooko (choroko), unga na dagaa. Mboga na tungule (nyanya) zinaweza kungoja fedha ya kesho. Mchele mwingi tunaokula visiwani unatoka nje, na bei yake haiko mikononi mwetu, ilhali muhogo, majimbi, ndizi na shelisheli viko karibu. Hata hivyo tahadhari moja ni muhimu: muhogo una protini kidogo mno, na mtoto anayelishwa muhogo mtupu hushiba huku anadhoofika. Upike kwa nazi pamoja na kunde au dagaa. Kisamvu nacho ni mboga bora isiyo na gharama kwa mwenye shamba, mradi kitwangwe sawasawa na kichemshwe muda mrefu chungu kikiwa wazi, kwa sababu majani mabichi ya muhogo yana sumu.

Mrudishe kliniki kila mwezi na kadi yake. Akivimba miguu, au akikataa chakula kabisa, usingoje siku ya kliniki. Mpeleke siku hiyo hiyo.

SWALI: Nimepanga chumba Mwanakwerekwe, niko peke yangu, sina friji. Asubuhi nakunywa chai na maandazi, mchana chipsi, usiku urojo. Fedha inaisha kabla ya mwezi na tumbo halitulii. Je, nikinunua vidonge vya vitamini nitakuwa nimejifidia? *Kijana wa mjini.*

JIBU: Hapana. Fedha ya vidonge itakupatia maharage ya siku kadhaa, na katika gramu 100 za maharage makavu mna protini inayozidi ya mayai matatu, pamoja na nyuzinyuzi ambazo tumbo lako linazikosa. Yaroweke asubuhi unapotoka, umwage maji yake jioni, kisha uyachemshe mpaka yalainike kabisa. Kwa kuwa huna friji, pika ya milo miwili tu, ya usiku na ya asubuhi inayofuata, na asubuhi yachemshe tena mpaka yatokote. Nazi usiitie chungu kizima. Ikamulie katika kile unachokula wakati huo, kwani kilichotiwa tui huchacha upesi katika joto letu. Kwa maharage hayo na muhogo wa kuchemsha, maandazi ya asubuhi hutayakumbuka sana.

Urojo hatukukatazi, ila si chakula cha kila usiku: ukiitazama bakuli, bhajia, katlesi, mbatata na chipsi za muhogo kwa sehemu kubwa ni wanga na mafuta, na mafuta ya kukaangia mitaani mara nyingi yameshatumika mara nyingi. Ukila, omba yai la kuchemsha ndani yake. Machungwa yakiwa msimu, fungu moja ni bora kuliko soda.

SWALI: Mama yangu ana presha. Kaambiwa aache chumvi na nazi, ale samaki wabichi. Huku Makunduchi upepo wa kusi ukivuma samaki wabichi ni wa kutafuta, na yeye amezoea ng'onda, yaani samaki wa chumvi aliyekaushwa. Tufanyeje? *Mwanawe.*

JIBU: Ng'onda ndiye tatizo zaidi kuliko nazi. Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, kiasi cha kijiko kimoja cha chai, nayo ni pamoja na iliyomo ndani ya chakula, kwa hiyo kipande cha samaki wa chumvi kinaweza kuchukua sehemu kubwa ya kiasi hicho kabla chungu hakijatiwa kitu. Asipopatikana samaki mwingine, mroweke usiku kucha, ubadilishe maji mara mbili au tatu, kisha umchemshe na umwage maji ya kwanza. Chumvi itapungua, haitakwisha, hivyo mchuzi wake usitiwe chumvi nyingine wala vidonge vya supu, ambavyo navyo ni chumvi. Ladha aitafute katika ndimu, thomu, tangawizi na pilipili. Siku ambazo ng'onda huyo hayupo, kunde au chooko zinatosha kuwa kitoweo, na vibua wabichi wanaposhuka bei, wachomwe badala ya kukaangwa.

Nazi ipunguzwe, si lazima itupwe: mama atumie tui jepesi, na mboga yake ichemshwe bila nazi siku nyingine. Dawa za presha aendelee nazo hata akijihisi mzima, na asizipunguze mpaka apimwe na daktari wake.