Saikolojia ya michezo: uanzie shahada gani?

Kaka, umeuliza kama ukiwa hapo Kisumu usomee saikolojia au sayansi ya michezo. Kama unataka kuitwa mwanasaikolojia, anza na shahada ya saikolojia, kisha uzamili upande wa michezo. Sheria ya 2014 ya washauri nasaha na wanasaikolojia inataka usajiliwe. Cheti cha ukocha hakitoshi.

Kwenye shahada hiyo, somo la takwimu ndilo huwaangusha wengi. Wanadhani kazi ni kuwatia wachezaji moyo tu, kumbe lazima upime kama mbinu yako imesaidia.

Ukiwa bado masomoni, jitolee kwa timu ya mtaa, hata pale Mamboleo. Anza na penalti: mchezaji aweke mpira, arudi hatua zilezile kila mara, achague kona, avute pumzi sekunde 4, aitoe kwa 6, apige. Kutoa pumzi polepole hushusha mapigo ya moyo. Usiwafundishe siku ya mechi, maana presha ikipanda mtu hurudia alichozoea. Wafanye wiki kadhaa, mwisho wa mazoezi, miguu ikiwa imechoka.

Halafu mkubaliane na kocha mapema: siri za mchezaji hazitoki bila ruhusa yake, hata kama kocha ndiye anayekulipia nauli.