Dogo, hilo kopo kubwa ndiyo hasi

Jumamosi dogo mmoja kaja kwangu Ilala na tyubu ya heliamu-neoni, yaani leza ya glasi iliyojazwa gesi hizo mbili, kaifunga kwenye kanga kama kichanga. "Kaka, jana ilikuwa inawaka vizuri, leo imefifia." Mita sikushika hata. Nikaangalia waya alivyoziunganisha, kazigeuza, nikavuta kigoda nikakaa. Wageni wa leza za zamani, njooni hapa, nimechoka kuhudhuria misiba ya tyubu.

1. Kabla ya bei, angalia vioo vya kwenye ncha za tyubu. Vilivyobandikwa kwa gundi, heliamu yake ilishatoroka zamani. Vilivyoyeyushiwa kwenye glasi yenyewe, toa hela.

2. Kopo la alumini, lile kubwa ndani ya tyubu, ndiyo kathodi, yaani hasi. Ncha ndogo ndiyo chanya. Mimi nilijifunza kwa tyubu ya Pioneer VP-1000, deki ya diski za video ya mwaka 1980, enzi ambazo deki bado zilibeba leza ya tyubu ya glasi. LD-700 ya 1984 ikaja na leza ya diodi, ndogo kama punje. Hiyo VP-1000 niliikuta mitaa ya Gerezani, jamaa anataka kuipima kilo na skrepa. Plagi zilishakatwa, nikakisia: kubwa lazima iwe chanya. Ikawaka! Doa jekundu ukutani, nikamwita mke wangu, nikaita na wapangaji. Mzee mzima natamba. Baada ya muda doa likaanza kufifia. Mwenye akili angezima. Mimi nikasema umeme haufiki vizuri, nikapandisha mkondo kutoka miliampea 5 hadi 8. Kumbe ioni, chembe za gesi zenye chaji, zinaigonga ile ncha ndogo ambayo haikuundwa kuzipokea, chuma kinabanduka chembe chembe na kutua kwenye kioo. Asubuhi kioo kina ukungu wa kijivu kama chimni ya kandili. Nikageuza waya. Wapi! Mke wangu akauliza, "Ile taa yako je?" Nikajidai sijasikia.

3. Umezima? Kapasita, ile inayotunza umeme, haijui. Imwage chaji kwanza.

4. Usiniambie una heliamu-neoni nyekundu ya 1960. Mwaka huo Maiman, aliyewasha leza ya kwanza, alikuwa na ya rubi, na heliamu-neoni ya kwanza, ya mwanafizikia Javan na wenzake, ya Desemba, ilitoa miali isiyoonekana kwa macho. Nyekundu ya nanomita 632.8 ilikuja 1962. Kuna mzee Kariakoo alitaka kuniuzia hiyo "ya kwanza duniani"; nikageuza, chini kuna stika ya kaunta ya supamaketi. Skana ya bei! Nikainunua hivyo hivyo, na inawaka mpaka leo.

Dogo anasema ana tyubu nyingine nyumbani. Nimemwambia aje nayo, waya asiguse.