Kofia ya Kirumi inabanduka rangi

SWALI: Shikamoo fundi. Nimenunua mtumbani kofia ya plastiki ya askari wa Kirumi, ya igizo la Pasaka kanisani kwetu. Rangi ya fedha inabanduka kama magamba ya sato. Nifanyeje?
Msomaji, Kirumba

JIBU: Marahaba mwanangu. Mara nyingi plastiki hubaki na mafuta ya kalibu (umbo lililoimwagia kofia kiwandani), rangi ikakosa pa kushika. Ioshe kwa sabuni ya vyombo, ikauke, kisha isugue kwa msasa namba 240, halafu 400. Ule mshono wa katikati, pale nusu mbili za kofia zinapokutana, ujaze puti, usugue mpaka kidole kisiuhisi. Thina usiiguse! Huyeyusha baadhi ya plastiki. Mimi nilipoteza kofia nzima hivyo.

Puliza praima ya plastiki, yaani rangi ya kwanza ya kushikisha zinazofuata, kisha rangi nyeusi kote. Sasa ndipo utamu ulipo: chovya brashi kavu kwenye rangi ya fedha, ifute gazetini mpaka ibaki kidogo sana, ipitishe kwenye kingo na vichwa vya misumari tu. Chuma kitajitokeza chenyewe, nakuahidi.

Vanishi mimi hupuliza saa nane mchana, jua likiwaka. Mvua ikinukia kutoka ziwani, acha; unyevu huifanya iwe nyeupe kama maziwa.