Saa ya Kugeuka Ipangwe Kabla ya Safari

Kwa miaka mingi nimeongoza wanafunzi katika kupanda milima, kupiga kambi porini na kujifunza mitumbwi, na mwalimu anayeanza kazi hii karibu kila mara huniuliza kwanza kuhusu vifaa: kamba ngapi, majaketi ya kuokolea mangapi, sanduku la huduma ya kwanza liwe na nini. Ni swali la haki. Hata hivyo, kwa yale niliyoyaona, usalama wa wanafunzi hutegemea zaidi maamuzi yaliyofanywa mezani siku kadhaa kabla ya safari, wakati kila mtu ametulia na hakuna basi linalongoja.

Niliwahi kuyaacha maamuzi hayo yafanyike ukingoni mwa mto. Tulikuwa na wanafunzi 28 na walimu watatu, na asubuhi tulivuka maji yasiyofika magotini. Tuliporudi alasiri, mvua ilikuwa imenyesha huko juu, mto umegeuka rangi ya udongo na maji yanafika mapajani. Basi lilikuwa ng'ambo, watoto wamechoka, jua linazama, na hatukuwa tumeandika popote kwamba maji yakifika kiasi gani tusivuke. Tukavuka. Mvulana mmoja aliteleza akiwa amefunga mkanda wa mkoba kifuani. Mkoba ukajaa maji, ukamlaza kifudifudi, naye akawa anahangaika kuufungua kwa vidole vilivyokufa ganzi. Mwenzangu alimdaka kwa mkanda huohuo, hatua chache kabla ya mto kukunja kona. Mtoto alitoka mzima, lakini makosa yalikuwa yangu, na sijayasahau.

Tangu siku ile mipaka yetu huandikwa. Maji yaendayo kasi yakifika magotini hatuvuki, na hata yakiwa machache, mikanda ya mkoba ya kifuani na kiunoni hufunguliwa kwanza. Ikifika saa 7 mchana hatujafika kileleni, tunageuka, hata kama kilele kinaonekana. Ngurumo ikisikika tunateremka kutoka kwenye mgongo wa mlima au tunatoka majini, na haturudi hadi zipite dakika 30 tangu ngurumo ya mwisho. Mtu mzima yeyote katika msafara anaweza kusimamisha shughuli, na mkuu wa msafara hana ruhusa ya kumpinga palepale. Mipaka hii huwafikia wazazi pamoja na fomu ya ridhaa, ili mwalimu asiogope kurudi na watoto ambao hawakufika walikotaka.

Shule ikikabidhi wanafunzi kwa kituo cha mafunzo, wajibu wake haujaisha. Machi 1993, wanafunzi wanne walikufa huko Lyme Bay, Uingereza, baada ya kupelekwa baharini kwa mitumbwi na kituo cha namna hiyo. Upepo uliwasukuma mbali na ufuko, mitumbwi ikajaa maji, na taarifa ya kuomba msaada ikachelewa. Kinachoniumiza zaidi ni kwamba wakufunzi wawili waliokuwa wameacha kazi hapo walikuwa wameuandikia uongozi barua ya kuonya kuhusu usalama. Mwaka 1995 nchi hiyo ilipitisha sheria ya kuvitaka vituo vya aina hiyo viwe na leseni. Kwa hiyo mimi huuliza leseni na vyeti vya wakufunzi, kisha nauliza swali ambalo wengi hawalitarajii: kundi likichelewa, ni nani aliye nchi kavu atakayepiga simu, na atapiga saa ngapi?

Kuhesabu nako kuna ufundi wake. Tulikuwa tukimpa kila mwanafunzi namba aitaje kwa sauti, hadi siku moja namba 14 ilipoitikiwa na rafiki yake, kwa nia njema kabisa, huku mwenyewe akiwa nyuma amekaa juu ya jiwe akifunga kamba za viatu. Sasa anayehesabu huona uso ndipo atie alama, watoto hutembea wawili wawili, na mtu mzima mmoja hubaki mkiani muda wote.

Dawa ya pumu ikae mfukoni mwa mtoto mwenyewe, na ya akiba kwa mwalimu. Ikiachwa kwenye basi ni kama haipo. Kwenye baridi, mwangalie sana mtoto aliyenyamaza. Anayelalamika bado ana nguvu, lakini anayejikwaa mahali tambarare na kuzungumza kwa ulimi mzito ameanza kuzidiwa, na akiacha kutetemeka kabla hajapata joto, hali yake imekuwa mbaya zaidi. Mwondoe kwenye upepo, mvue nguo mbichi, mtandikie kitu kizito asikae kwenye ardhi tupu, mpe kinywaji cha moto chenye sukari ikiwa ana fahamu na anaweza kumeza, na msaada uitwe mapema.

Jioni ya kurudi, kabla walimu hawajatawanyika, tunaandika daftarini kila jambo lililokaribia kuwa ajali, bila kumtafuta wa kulaumiwa, kwa sababu mwalimu anayeogopa lawama ataficha. Ukurasa wa kwanza wa daftari hilo ni ule wa mto. Niliuandika mwenyewe, na usiku wa kuamkia kila safari huusoma kwa sauti mbele ya wenzangu, pamoja na kipimo cha maji tulichokiandika chini yake.