Usipovuna hujachuja: kwa wanaoanza tangi la maji ya bahari hapa Mtwara

Mfugaji wa samaki wa mapambo aliyeko Dodoma hununua chumvi maalumu, akaikoroga na maji safi, akapima, akasubiri. Sisi tunashuka Shangani na madumu maji yakiwa yamejaa, tunarudi na bahari yenyewe. Bahati hiyo ndiyo inayowafanya vijana wengi wanaoanza kuona kichujio ni gharama ya bure: tangi likichafuka, si unabadilisha maji tu?

Kwa tangi dogo la kuwekwa mezani, sawa. Kwa tangi la lita 200 lenye samaki kadhaa wa mwambani, utachoka kabla samaki hawajachoka. Tena kuna miezi ya mvua, Desemba mpaka Aprili, ambapo maji ya ufukweni huja na tope na chumvi yake hupungua. Mikindani ghuba imefunga na mji umeikumbatia, kwa hiyo baada ya mvua kubwa mimi sichoti kabisa. Unahitaji njia ya kusafisha maji uliyonayo, na kwa mazingira yetu njia ninayoipendekeza kwanza ni kichujio cha mwani.

Uelewe kwanza uchafu wenyewe. Samaki akila hutoa amonia, ambayo ni sumu kwake. Bakteria walioko kwenye mawe na kwenye sponji ya kichujio cha kawaida huigeuza kuwa nitraiti, kisha nitrati. Sponji ya kawaida huishia hapo: sumu kali imepungua, lakini nitrati inabaki ndani ya tangi na kuongezeka kila unapolisha. Fosfeti ya kwenye chakula nayo hivyo hivyo. Vitu hivi viwili ni mbolea, na palipo na mbolea, maji na mwanga, mwani utaota tu. Unachoweza kuamua ni uote wapi. Kichujio cha mwani ni mahali ulipopatengeneza pawe pazuri zaidi kwa mwani kuliko vioo na mawe yako: mwanga mkali zaidi, maji yanayokwenda kasi zaidi, na uso wenye mikwaruzo wa kushika mizizi yake.

Wazo hili lilitoka mwambani. Walter Adey, mtafiti wa taasisi ya Smithsonian ya Marekani, alichunguza zulia fupi la mwani linaloota pale mawimbi yanapopasukia, akaona linavyokua haraka mno ingawa maji ya mwambani yana virutubisho haba. Akatengeneza sinia lenye wavu, taa juu yake, na ndoo inayojaa na kupinduka ili kuiga mawimbi. Hataza yake, yaani hati ya kulinda uvumbuzi, ilitolewa 1982. Ukitembea mwambani Msimbati maji yakiwa yamekupwa utaliona zulia hilo hilo chini ya miguu yako. Nenda ukalitazame kabla hujanunua chochote, lakini usibebe jiwe wala tumbawe. Msimbati iko ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, na hata nje ya hifadhi mwamba hauvunjwi kwa ajili ya pambo la sebuleni.

Nyumbani sinia na ndoo hatuvihitaji. Tunatumia maporomoko: bomba la PVC limelazwa juu, limepasuliwa ufa wa milimita 3 hivi chini yake, na kipande cha wavu mgumu wa plastiki kimechomekwa kwenye ufa huo. Pampu inasukuma maji kwenye bomba, maji yanateremka pande zote mbili za wavu na kurudi tangini. Wavu ukwaruze kwa msumeno mpaka uwe na manyoya, maana plastiki laini haishiki kitu na mwani wote utakuja kudondoka siku moja.

Ukubwa wa wavu hupimwa kwa chakula unachotia kwa siku, wala si kwa lita za tangi, na hapa ndipo wageni wengi hupotea. Kwa samaki wachache wanaolishwa kiasi, wavu wa sentimita 10 kwa 15 wenye taa pande zote mbili ni mwanzo mzuri. Maji yawe kama lita 50 kwa saa kwa kila sentimita moja ya upana, yaani lita 500 kwa huo wa sentimita 10. Namba iliyoandikwa kwenye pampu si hiyo utakayoipata baada ya maji kupanda nusu mita na kupita kwenye viwiko vya bomba, kwa hiyo chukua pampu yenye nguvu zaidi kidogo. Kinga ndoo chini ya bomba, angalia saa, upime mwenyewe.

Taa nyekundu za LED za kuoteshea mimea ndizo bora. Wati 10 kila upande zinatosha kwa wavu huo. Anza na saa 9 kwa siku, uongeze taratibu mwani ukishashika. Ziwashe usiku, wakati taa za tangi zimezimwa. Gizani viumbe wote hutoa kaboni dayoksaidi na pH hushuka, yaani maji huelekea kuwa na asidi. Mwani unaofanya kazi usiku huifyonza na kutoa oksijeni, na kwa joto letu la Januari oksijeni ya alfajiri ndiyo inayookoa samaki.

Hili la umeme nakuomba ulitilie maanani kuliko yote. Maporomoko hurusha matone, na matone ya chumvi hupitisha umeme. Wavu ukae ndani ya boksi la plastiki linalopitisha mwanga, taa ziwe nje yake, na kila waya uache ulegee na kushuka chini ya soketi kabla haujapanda, ili tone likiteremka lidondokee sakafuni. Kichujio kikae juu ya tangi lenyewe: mwani ukiziba ufa, maji yatakayoruka yarudi tangini, yasimwagike chumbani. Umeme ukikatika wavu hukauka ndani ya saa chache, basi uwe na kikombe karibu uumwagilie maji ya tangi mpaka urudi.

Wiki za kwanza utaona utando wa kahawia. Usikate tamaa na usiukwangue wote. Kijani hufuata, wakati mwingine baada ya mwezi mzima au zaidi. Ukibaki mweusi wenye ute, chakula ni kingi au mwanga ni hafifu. Ukiwa wa njano na mgumu kama mpira, mwanga umezidi virutubisho, punguza saa. Kijani cha nyuzi ndefu ndicho unachokitaka.

Kisha uvune, kila baada ya siku 7 mpaka 14. Waangalie wakulima wa mwani wa pwani yetu: wakishafunga mbegu kwenye kamba kwa taitai (vikamba vidogo vya kufungia), huvuna baada ya wiki 6 hivi, kwa sababu ukiachwa mno hukatika na mawimbi na mali imepotea. Wavuni ni hivyo hivyo. Mwani ukinenepa, wa chini hukosa mwanga, hufa, hung'oka, na nitrati yote uliyokuwa umeikusanya hurudi majini. Nitrati haijatoka tangini mpaka mwani utoke mkononi mwako. Zima pampu, toa wavu, upeleke kwenye sinki, ukwangue kwa kadi ya plastiki ukiacha mizizi, suuza kwa maji ya bomba yasiyo na chumvi ili kuua vidudu vinavyoutafuna, urudishe. Mavuno usiyatupe yote. Ukifuga chafi mdogo, mpe kiganja kimoja. Wakulima wa mwani watakuambia jinsi samaki huyu anavyoupenda.

Maporomoko huongeza mvuke. Maji yakipungua jazia maji yasiyo na chumvi, usijazie ya bahari, maana kinachopaa ni maji na chumvi inabaki. Maji ya mvua yaliyokingwa kwenye bati safi, baada ya mvua ya kwanza kuosha vumbi, yanafaa sana. Haidromita, kile kipimo cha chumvi ya maji, isome karibu 1.025.

Sponji ya zamani usiiondoe siku unayowasha kichujio kipya. Subiri mpaka uvune kijani mara kadhaa mfululizo na kipimo cha nitrati kiwe kinashuka, ndipo uanze kuipunguza, kipande kwa kipande, ukipima amonia kila unapopunguza.